Mashilingi ya Kichwa Hayaponi kwa Krimu

Mtoto hunyolewa, akapakwa krimu ya dukani kwa wiki mbili, na mabaka bado yapo. Mzazi hununua krimu nyingine, kisha nyingine. Pesa zinaisha, nywele hazioti.

Mashilingi, au choa, si minyoo. Husababishwa na kuvu inayokula keratini, protini iliyomo katika ngozi, nywele na kucha. Mkononi au tumboni, kuvu hukaa juu ya ngozi, kwa hivyo krimu kama klotrimazoli huifikia. Kichwani huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina, mahali ambapo krimu haifiki. Hapo mgonjwa anahitaji tembe.

Tembe inayotolewa mara nyingi ni griseofulvini. Humezwa kila siku, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta; bila mafuta, mwili hufyonza dawa kidogo tu. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, kwa hivyo kumgawia nduguye tembe zilizobaki ni kuwanyima wote wawili kupona. Kishawishi kikubwa ni kuacha dawa nywele zinapoanza kuota. Kuvu huwa bado imo, na mabaka hurejea.

Krimu zenye steroidi, kama betamethasoni, ndizo hupotosha zaidi. Muwasho hupungua na wekundu hufifia, mzazi akadhani amepata dawa. Kumbe kinga ya ngozi imedhoofishwa na kuvu inaenea, wakati mwingine bila ule mviringo ambao ungemsaidia mhudumu kuutambua ugonjwa. Ukienda zahanati, beba tyubu ya krimu uliyotumia, hata kama imeisha.

Kichwa kikivimba na kutoa usaha, usitumbue. Mpeleke mtoto kituo cha afya upesi, kwa sababu kovu linaweza kuzuia nywele kuota tena mahali hapo.

Mtoto aliyeanza matibabu anaweza kuendelea na masomo. Asiazimane kofia, kitana wala taulo. Watoto wengine nyumbani wakaguliwe vichwa, na paka pia atazamwe, maana naye huambukiza. Kwa kinyozi, uliza mashine imesafishwaje baada ya mteja aliyetangulia: brashi huondoa nywele, si kuvu.