Rahisi Bila Kupunja: Habari ya Duka la Bi Anna

Wengi wetu tuonapo bei iliyo chini kuliko ya jirani huingiwa na shaka: je, kipimo kimepunjwa, au bidhaa imekaribia kuharibika? Shaka hiyo haikosi sababu. Lakini iko njia nyingine ya kuuza rahisi, na leo tunapenda kuwasimulia wazazi wenzetu, hasa kina mama, jinsi maduka ya Aldi ya Ujerumani yalivyokua kwayo.

Mwaka 1913, katika kitongoji cha Essen, mji wa wachimba makaa ya mawe, Bi Anna Albrecht alifungua duka dogo la vyakula. Mumewe alikuwa mchimba migodi, kisha akawa msaidizi wa mwoka mikate. Wana wao wawili, Karl na Theo, walilishika duka hilo mwaka 1946, vita vimekwisha na nchi imebomoka. Kufikia 1950 walikuwa na maduka 13.

Zama hizo maduka makubwa ya huko yaliwapa wateja stempu. Mteja alizikusanya na kuzirejesha ndipo apate punguzo lake, ambalo kisheria halikuruhusiwa kuzidi asilimia 3. Ndugu hawa waliiondoa asilimia hiyo katika bei tangu mwanzo, mnunuzi akaondoka na nafuu yake siku ile ile.

Kisha kila gharama ya duka waliiuliza: yamfaa nini mnunuzi? Bidhaa isiyotoka iliondolewa rafuni. Matangazo waliyaacha, kwani kizuri chajiuza. Vitu viliachwa ndani ya katoni zake pasipo kupangwa kimoja kimoja. Aina nazo zilikuwa chache. Hata leo duka lao la kawaida lina aina elfu mbili hivi, hali supamaketi kubwa huwa na makumi ya maelfu. Aina zikipungua, kila moja hununuliwa kwa wingi, na anunuaye kwa wingi hupewa bei ya chini. Nyingi hutengenezwa kwa jina la duka lenyewe, basi mteja halipii umaarufu wa chapa. Toroli nazo hufungwa kwa mnyororo. Mteja hutia sarafu kuifungua, na akiirudisha hupata sarafu yake, hivyo hahitajiki mtu wa kuzikusanya. Kabla ya mashine za kusoma bei, makeshia walizihifadhi bei kwa moyo, kama mwanafunzi wa chuoni ahifadhivyo sura zake.

Yapata mwaka 1960, wakiwa na maduka 300, ndugu hao walihitilafiana juu ya sigara. Theo alitaka ziuzwe. Karl alikataa, akihofia zitavuta wezi dukani. Waligawana, Theo akachukua kaskazini na Karl kusini, na jina la Aldi likaanza kutumika mwaka 1962. Leo makampuni yao mawili yana maduka zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi. Tujiulize, ni maduka mangapi ya pwani yetu yaliyofungwa kwa sababu warithi walishindwa kugawana kwa wema?

Hata hivyo, si kila urahisi ni wa kusifiwa. Mwaka 2008 wafugaji wa Ujerumani waligoma kupeleka maziwa, wengine wakayamwaga mashambani, wakilalamika kuwa bei wanayolipwa haifikii gharama ya kumlisha ng'ombe. Maduka ya bei nafuu, Aldi ikiwemo, yalikuwa miongoni mwa waliolaumiwa. Panapokuwa hapana israfu tena ya kuondoa, kila shilingi ipunguzwayo hutoka katika mkono wa mzalishaji, naye pia ana watoto wanaomngoja jioni.

Kwetu sisi, somo la kwanza ni la nyumbani. Anunuaye mafuta ya kupima na sukari ya robo kila siku, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya anunuaye kwa jumla. Kina mama watano wa mtaa mmoja wakichanga, wakanunua gunia la mchele na mtungi wa mafuta, kisha wakagawana kwa mizani mbele ya wote, watakuwa wamefanya kile kile walichofanya wana wa Bi Anna. Somo la pili ni la mwenye duka: atakaye kushusha bei na aanze kwa kupunguza israfu yake. Mizani aiache kama ilivyo, na aliyemletea samaki, maziwa au mboga amlipe kwa wakati.