Maneno kama Ushahidi: Uchanganuzi Matini na Madai ya Usababishi katika Tuzo ya Baldrige

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha tuzo ya ubora yenye jina la Malcolm Baldrige, Waziri wa Biashara aliyefariki mwaka uo huo. Kwa miaka mingi vigezo vyake vilikuwa saba: uongozi, mikakati, wateja, upimaji na maarifa, wafanyakazi, utendakazi na matokeo. Vigezo hivyo vilibeba dai zito, kwamba uongozi ndio unaoviendesha vingine hadi matokeo yakapatikana. Hospitali au shule inayoliamini dai hilo hutumia fedha nyingi kuwafunza viongozi wake; dai likiwa potovu, fedha hizo zimepotea.

Watafiti wamelipima dai hilo kwa hojaji na kwa alama za watahini. Njia nyingine ni kuchanganua matini yenyewe, kwa kuwa muhtasari wa maombi ya washindi ulitolewa kwa umma. Tarakilishi huhesabu marudio ya maneno na jinsi yanavyoandamana, kisha hesabu hizo hugeuzwa kuwa vigeu vya takwimu. Swali huwa: je, shirika linaloueleza uongozi wake kwa kina ndilo lenye matokeo bora?

Hapa pana mtego. Mwombaji hujibu maswali yaliyotungwa na mfumo uo huo unaopimwa, hivyo maneno yake hufuata mpangilio wa mfumo. Kinachogunduliwa huenda kikawa mwangwi tu. Tena, washindi pekee hawatoshi. Sharti walioshindwa nao wasomwe, na matokeo yatolewe kwingine, mathalani katika hesabu za fedha za miaka iliyofuata.

Kwa Kiswahili kazi huwa ngumu zaidi. Programu inayotenganisha maneno kwa nafasi huyaona "anaongoza", "wakiongozwa" na "tutawaongoza" kama maneno matatu yasiyojuana, ilhali shina ni moja. Gumu kuliko hilo ni kauli ya kutendesha. Hati ya huduma ikisema "tumeharakisha malipo", usababishi umo ndani ya kitenzi, nayo mashine huuhesabu kuwa tokeo. Kumbe ni dai tu. Hati inayosema kwamba malipo yaliyochukua siku 21 sasa huchukua siku 7 haina kitenzi cha kutendesha hata kimoja, lakini ndiyo inayoweza kupimwa.