Sakafu ya Nyumba huko Kapata

Kapata ni mji wa wafanyakazi karibu na Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Nyumba zake nyingi zilijengwa kwa ajili ya watu wa migodi, safu kwa safu. Karibu yake liko ziwa la Malo, ambako watu wengi wameosha mawe ya shaba na kobalti. Mwenye nyumba akitaka kuitengeneza upya, huwaza kwanza bati, maana mvua haingoji mtu. Sakafu huiweka nyuma. Lakini sakafu ndiyo inayoguswa na watu wote wa nyumba, na mtoto mchanga atambaaye huigusa kwa mikono, kwa magoti na hata kwa ulimi.

Mwaka katika nchi hii una nyakati mbili. Toka mwezi wa tano hata wa tisa hakuna mvua, na vumbi hujaa kila mahali. Kisha mvua huja, na vumbi hugeuka matope. Sakafu njema sharti iyashinde yote mawili.

Wazee walitengeneza sakafu kwa udongo wa kichuguu. Mchwa huleta juu udongo mzuri wa chini, wenye kushikamana kama unga uliokandwa. Kwa hiyo watu wa Katanga huupenda kwa matofali pia. Udongo hutiwa maji, hutandazwa, hupigwa kwa kipande cha mti mpaka uwe mgumu, kisha hupakwa tope laini juu. Sakafu hii ni baridi wakati wa joto, nayo haina gharama ila jasho. Si kazi ya kudharauliwa. Kosa lake ni moja, nalo ni kubwa: haioshwi. Ukiimwagia maji, yanazama. Ukiifagia, unafagia sakafu yenyewe, na vumbi lake linapanda hewani, linashuka juu ya vyombo na vitanda. Funza nao hupenda udongo mkavu wa namna hiyo. Watoto wao hukua humo.

Mahali pengine vumbi ni uchafu tu. Katika nchi ya migodi ni zaidi ya hayo. Mchimbaji hurudi jioni na vumbi la mawe katika viatu, nguo na mfuko wake. Pengine mawe yenyewe hupondwa uani. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba chini ya mtaa wa Kasulo, katika mji wa Kolwezi, kuna kobalti nyingi. Watu wakachimba mashimo katika viwanja vyao, na wengine wakatoboa sakafu za nyumba zao, wakashuka chini hapo hapo walipokuwa wakilala. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven wakaja kupima damu na mkojo wa wenyeji, na vumbi la nyumbani pia. Mwaka 2018 walitangaza matokeo. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa mwingine usio na machimbo, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Sababu yake si ngumu kufahamu. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole kinywani.

Basi, sakafu ya kufaa hapa ni ile inayoweza kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi. Kitambaa kibichi hulikamata.

Simenti yafanya kazi hiyo vizuri. Hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo, vilivyochomwa pamoja katika tanuru lenye moto wa digrii 1,450 hivi, kisha vikasagwa. Mwashi huchanganya sehemu 1 ya simenti, sehemu 2 za mchanga na sehemu 4 za kokoto. Mchanga uwe safi, bila udongo. Mchanga wa mabaki ya mgodi usitiwe kamwe, ijapokuwa uko karibu na ni wa bure, maana una madini ndani yake. Maji nayo yawe kwa kiasi. Vibarua wengi huzidisha maji ili mchanganyiko utandazike upesi. Sakafu yao ikikauka huwa dhaifu, nayo hutoa unga mweupe kila siku.

Watu hudhani simenti hugumu kwa kukauka. Sivyo. Hugumu kwa kunywa maji. Kwa hiyo sakafu mpya hufunikwa na magunia yaliyoloweshwa, na kunyunyizwa maji kwa muda wa siku 7. Asiyekuwa na subira ataona nyufa, na katika nyufa vumbi hupata makao. Tena simenti mbichi huchoma ngozi. Anayeishika anawe mikono mara.

Juu ya simenti wengine huweka vigae, ambavyo watu wa Kolwezi huviita karo. Ni udongo mzuri uliokandamizwa na kuchomwa kwa moto mkali kupita digrii 1,000, ukapakwa kitu king'aacho kama kioo. Maji hayapiti, na doa la mafuta hutoka kwa sabuni kidogo. Ila bei yake ni kubwa, na kigae laini chenye maji kimeangusha wazee wengi. Kikibandikwa juu ya sakafu isiyo sawa huvunjika mara kinapoangukiwa na mchi. Mkeka wa plastiki ni wa bei nafuu, lakini vumbi na unyevu hujificha chini yake. Mwenye nyumba huona usafi usiokuwapo.

Meza ya jiko yataka mawazo mengine kidogo. Hapo mama hukata samaki na kutayarisha sombe. Ubao wa mulombwa ni mgumu na hauliwi upesi na wadudu, lakini hupasuliwa na kisu, na maji ya samaki huingia katika mikwaruzo. Usuguliwe na kuanikwa juani. Meza ya matofali iliyopakwa simenti laini ni ya kudumu. Wenye mali huweka jiwe. Granaiti ni ngumu na haiogopi ndimu. Marumaru ni nzuri kwa macho, lakini imetokana na chokaa. Ukiidondoshea maji ya ndimu huliwa, ikabaki alama. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo Katanga inasifiwa kwalo duniani, lina ubaya huo huo. Tena ni laini, na ndani yake mna shaba. Lichongwe sanamu na shanga, wala chakula kisiandaliwe juu yake.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa mita 4, chenye sakafu ya unene wa sentimita 5, huhitaji mita 0.6 za ujazo, yaani mifuko 4 hivi ya simenti ya kilo 50. Nyumba ya vyumba vitatu namna hiyo itataka mifuko 12, na mshahara wa mwezi mmoja pengine hautoshi. Baba aliye na mifuko 4 tu huanza na chumba wanamolala watoto, ijapokuwa wageni hawakioni. Sebule hungoja. Viatu na nguo za mgodi huachwa nje ya mlango katika sanduku lenye kifuniko, mawe hayaingizwi ndani, na maji yaliyopangusia sakafu humwagwa mbali na kisima na bustani ya mboga.