Usalama Kazini (3): Kuzima Mashine Si Kuitenga

Wiki iliyopita tulitazama vifuniko vinavyokinga mikono dhidi ya mikanda na meno ya mashine. Leo tujiulize: kifuniko kikifunguliwa ili fundi atengeneze, anakingwa na nini?

Mara nyingi ni swichi tu. Tazama mashine ya kusaga mahindi. Fundi ameizima, amefungua kifuniko, ameinama akibadilisha chekeche. Swichi iko ukutani, nyuma yake. Msaidizi anarudi kutoka kula, anakuta mashine kimya na wateja wamejipanga, anawasha. Hana ubaya, hakujua. Wako mafundi wanaong'oa fyuzi na kuitia mfukoni. Ni busara, lakini mwenye haraka ataunga kipande cha waya.

Kosa la kwanza ndilo hilo: kudhani kuzima ni kutenga. Kutenga ni kukata umeme kwenye swichi kuu, kuitia kufuli, na ufunguo ukae kwa yule ambaye mkono wake umo ndani. Si kwa msimamizi wala kwa mlinzi.

Kosa la pili ni kusahau nguvu iliyobaki. Umeme umekatwa, lakini gurudumu zito bado linazunguka, springi imebanwa, hewa ya presha imo bombani, kapasita ina chaji. Nguvu hiyo itolewe kwanza, kisha mashine ijaribiwe kuwashwa. Isipoitika, ndipo mkono uingie.

Kosa la tatu hutokea zamu zinapopokezana. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na tundu lake kuzibwa kwa bamba la chuma. Kazi haikuisha. Usiku pampu ya pili ikagoma, na zamu iliyoingia haikujua habari za vali ile. Wakaiwasha pampu ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Chini ya makosa yote matatu kuna haraka. Kila saa ya mashine kusimama huhesabiwa kuwa hasara, na fundi anayeomba kufuli huonekana mchelewesha kazi. Mwenye kiwanda, mnunulie kila fundi kufuli yake, na asiulizwe kwa nini amechelewa kuifungua.

Wiki ijayo: kibali cha kazi na makabidhiano ya zamu.