Miritini au Mwembe Tayari: hesabu ya safari ya Nairobi

Tangu Januari 2024, tikiti ya treni ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi ni Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza. Kabla ya hapo ilikuwa Sh1,000 na Sh3,000. Treni hizi zinatumia dizeli, na bei ya mafuta ndiyo iliyotajwa kuwa sababu. Siku za elfu moja nani alipiga hesabu? Sasa inabidi, na hesabu yenyewe yaanzia mlangoni kwako.

Stesheni ya zamani ilikuwa kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Mtu wa Majengo alikwenda kwa miguu. Ya sasa iko Miritini, bara. Wa Jomvu na Mikindani wamebahatika. Wa Kisauni avuke daraja la Nyali, akate kisiwa, apite Makupa na Changamwe, na malori ya bandari yakishaziba njia hapo hajui atafika saa ngapi. Wa Likoni ana feri, au azungukie Dongo Kundu kama ana gari. Ukiwa na watoto na mabegi, teksi hadi Miritini yaweza kukaribia nauli ya mtu mzima mmoja. Nako Nairobi treni inakushusha Syokimau, nje ya mji. Huko ipo treni ya mji inayokupeleka hadi stesheni ya kati kwa nauli ndogo. Basi hukuchukua Mwembe Tayari na kukutua katikati ya Nairobi.

Treni ya moja kwa moja huchukua kama saa tano, basi saa nane na zaidi. Lakini jumlisha na saa moja ya ukaguzi. Pale Miritini mabegi hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mkasogea nyuma, kisha askari akaja na mbwa. Mbwa anapita begi kwa begi, pua imegusa zipu. Watu wa Pwani wanatazama kimya. Kila mmoja anakumbuka alichoweka juu. Kanzu ya kuswalia na msala vitie kwenye mfuko wa nailoni, uvizike katikati ya nguo, pua ya mbwa isivifikie. Baada ya hapo bado kuna mashine, kitambulisho na tikiti, ndipo upande juu na mzigo wako mwenyewe.

Ndani, daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana, na egemeo halilali. Magoti yako na ya mgeni yatajuana kabla ya Mariakani. Daraja la kwanza ni viwili viwili, na nafasi ipo. Je, nafasi hiyo ni ya kulipiwa mara tatu? Mchana, sioni. Chukua baba, mama na watoto wawili wa miaka mitano na minane: watoto wa umri huo hulipa nusu, kwa hiyo familia nzima inasafiri daraja la kawaida kwa Sh4,500, bei ile ile ya kiti kimoja cha daraja la kwanza. Na tembo wa Tsavo, wamejipaka udongo mwekundu, wanaonekana kutoka behewa lolote.

Usiku ndipo treni inaponishinda kuitetea. Ya saa nne inakushusha Syokimau kabla ya adhana ya alfajiri, usingizi umekatika, mji umefungwa, na teksi zinajua huna pa kwenda. Basi la saa hizo hizo linaingia Nairobi kunapambazuka. Umelala, vibaya lakini umelala, na hukulipa gesti. Mwenye miadi ya saa tatu asubuhi asidanganyike na mwendo.

Anayekwenda Voi au Mtito Andei ana treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, kwa nauli ya umbali wake. Akiikosa, matatu na mabasi hayakosekani barabarani kutwa. Ndege ni kama saa moja angani na nauli yake haina msimamo. Ukiwahi kukata, linganisha kwanza na daraja la kwanza la treni.

Tikiti ya treni hukatwa kwa simu kupitia *639#, ukalipa kwa M-Pesa. Desemba na shule zikifungwa, bei yake haibadiliki ila viti huisha mapema. Mabasi ni kinyume: nauli inapanda, kiti hakikosekani ukiwa tayari kulipa.

Na mwenye gunia la nazi na ndoo ya achari aende Mwembe Tayari moja kwa moja. Utingo atampakilia kwenye buti, na bei ya mzigo wataelewana hapo hapo, mradi asiitaje yeye kwanza.