Bushoni ya mafuta ya motere: musizibe na kitambaa

Wandugu wa koperative, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haiko huku Kolwezi, na mu njia za udongo makamio ya migodi inainua vumbi. Ile vumbi ni kama msasa. Bushoni ikipotea, shofere anaziba tundu na kitambaa, vumbi inaingia mu mafuta na kukwangua vyuma vya ndani. Kitambaa nacho kinaweza kuangukia mule mule. Motere ikikufa wakati wa mavuno, mahindi yenu itafika soko na nini?

Zimeni motere kwanza, mupanguze pembeni ya bushoni, ndipo mufungue. Muangalie mpira wake: ukikauka ao ukipasuka, mafuta inavuja, mubadilishe. Mukaze na mkono tu, hapana pense.

Na povu nyeupe kama maziwa chini ya bushoni? Mu baridi ya mwezi wa sita, motuka ya safari fupi inaonyesha kidogo, juu ya mvuke. Lakini kama maji ya radiatere nayo inapunguka, musiendeshe tena. Muite fundi siku ile ile.