Siku Babu Alipoingia Jaladani

Wengi huingia katika jumba la nyaraka la Kilimani, Unguja, wakiwa na jina la babu, na hutoka wakiwa na jina lile lile. Karani hana kosa. Majalada ya kale hayakupangwa kwa majina ya watu, yamepangwa kwa ofisi zilizoyaandika. Barua za ubalozi wa Uingereza zina alama ya AA, za Sekretarieti ni AB, hati za mali zilizosajiliwa ni AM, kesi za mahakamani HC, mambo ya wakfu HD. Basi kabla hujajaza karatasi ya kuombea jalada, jiulize babu aligusana wapi na wakubwa. Alinunua nyumba? Aliweka shamba rehani? Alirithi mikarafuu, ndugu wakagombana? Aliishi kwenye nyumba ya wakfu? Mtu aliyeishi na jirani zake kwa amani na kulipa madeni yake kwa wakati huenda hana hata karatasi moja. Mgomvi wa ukoo, yule ambaye nyumbani hatajwi, ndiye hazina ya mtafiti.

Majibu ya maswali hayo yako kwa wazee, kwa hiyo anza nao. Usimbane bibi kwa tarehe. Atakwambia kaka yake alizaliwa mfungo sita, na kwamba mama yao alikuwa mtoto wa kutambaa siku Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Seyyid Khalid. Hayo yanatosha. Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, na mizinga ile ililia tarehe 27 Agosti 1896. Ukikuta mwaka wa Kiislamu, kwenye hati au kwenye kaburi, usikimbilie kujumlisha 622. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, na upungufu huo hulimbikizana. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Kwa kujumlisha tu ungepata 1922, na ungekuwa umempoteza babu kwa miaka 40.

Nyaraka ninazozipenda kuliko zote ni hati za mauzo ya nyumba na mashamba. Nyingi zimeandikwa kwa Kiarabu, kwa hiyo tafuta mwalimu wa madrasa mwenye subira akusaidie. Utamu wake uko kwenye mipaka. Hati ya Kiislamu hutaja pande nne za mali, na kila upande hutaja mwenye mali anayepakana nayo: mashariki nyumba ya fulani bin fulani, magharibi njia, na kadhalika. Nakili majirani wote. Jirani wa mwaka huu ni mkwe wa miaka kumi baadaye, na mara nyingi shahidi aliyetia saini chini ya hati ni mjomba ambaye hakuna aliyekutajia. Waliokuwa na kibanda tu katika mitaa ya Ng'ambo, kwenye kiwanja cha mtu mwingine, huwaoni kwenye hati hizi. Watafute upande wa mahakama, hasa kuanzia 1928, pale wakazi walipogoma kulipa kodi ya viwanja.

Sasa jambo zito. Amri ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamoud bin Mohammed, ya tarehe 6 Aprili 1897 haikuwaweka huru watumwa wote kwa mpigo. Kila aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, tena aonyeshe kwamba ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana wake alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ukatili wa utaratibu huo ndio uliozaa karatasi: penye fidia lazima pawe na jina la anayelipwa na jina la anayelipiwa. Kwa familia nyingi za Unguja na Pemba hapa ndipo ukoo unapoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi, kwa jina moja tu: Mabruki, Feruzi, Baraka, Zafarani.

Hapa ndipo watafiti wengi hupotea. Aliyeachwa huru mara nyingi aliendelea kutumia jina la ukoo wa bwana wake, hivyo watu wawili wenye jina moja la ukoo wanaweza wasichangie hata tone la damu. Usichore mti wa ukoo kwa kufuata jina peke yake. Na ukigundua kwamba ukoo wako ulitokana na utumwa, usilitangaze jambo hilo arusini. Wapo wazee waliotumia maisha yao yote kulifunika, na walikuwa na sababu. Mwambie mmoja kwanza, faraghani, kisha umsikilize.

Makaburini kuna ukimya wa namna nyingine. Makaburi mengi ya Waislamu hayana maandishi, na ya Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi hasa ni sahili kwa makusudi: jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Kwa hiyo kwenye makaburi ya Mwanakwerekwe usiende peke yako na kamera. Nenda na mtu aliyewahi kuzika hapo, toa salamu kwa waliolala, kisha umwombe akuonyeshe nani kalazwa karibu na nani. Chora ramani, hata mbaya, na uandike jina la aliyekueleza pamoja na tarehe. Penye maandishi, fika asubuhi au alasiri, jua linapopiga kwa ubavu na kuziamsha herufi zilizofifia. Brashi ya waya iache nyumbani. Chokaa ya kale ikishakwanguliwa, hakuna atakayeyasoma maandishi tena.

Wenye wazee waliolelewa na misheni wana bahati zaidi. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, likawa kijiji cha watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kanisa la Mtakatifu Yohana bado lipo, na makaburi yake pembeni. Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, amezikwa huko. Mtoto aliyefika Mbweni na jina la kwao alitoka kwenye maji ya ubatizo akiwa Agnes au Petro, na hilo ndilo jina lililomfuata kwenye madaftari ya shule na ya ndoa. Sehemu kubwa ya nyaraka za misheni hiyo sasa iko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Ukiandika huko, taja jina la ubatizo, kijiji na mwaka wa kukisia. Ukitaja jina la nyumbani peke yake watakujibu upesi, kwa adabu kubwa, kwamba hawakuona kitu.